Mkurugenzi wa Matarajio na Itifaki ya Kizamani

Inatangazwa kwa fahari kubwa, na kwa idhini ya mamlaka zote husika, kwamba Kurugenzi ya Uratibu wa Matarajio, wilayani Palma, ndiyo ofisi ya kwanza katika pwani yote ya kaskazini kuzima itifaki ya kizamani ya kushirikishana mafaili. Imezimwa katika kompyuta zote, vyumba vyote, pamoja na ile kompyuta ya stoo ambayo tangu iletwe haijawahi kuwashwa. Wivu wa ofisi nyingine tumeupokea, na tumewasamehe.

Kwa asiyeijua kurugenzi hii, maelezo ni mafupi. Gesi ilipogunduliwa huko baharini, watu wa Palma walianza kutarajia, na walitarajia ovyo ovyo, bila mpango, kila mtu na lake. Mmoja anatarajia mashine ya boti, mwingine umeme usiokatika, na bibi mmoja wa Quionga alikuwa anatarajia lami mpaka mlangoni kwake, na nyumba yenyewe imo katikati ya minazi, baiskeli inafika kwa kubebwa. Serikali ikaona hatari. Ndipo ikaundwa kurugenzi ya kuyapima matarajio, kuyaandikisha, na kuyashusha panapobidi mpaka kimo kilichoidhinishwa. Mwananchi anafika dirishani, anaeleza anachokitarajia, anapewa cheti chenye muhuri na saini ya Mkurugenzi, kisha anarudi nyumbani kutarajia kihalali. Mwenye cheti alikuwa anapita sokoni kifua mbele, asiye nacho anampisha.

Mtu wa dirishani alikuwa Jamaldine. Kwa cheo kamili alikuwa Kaimu Mratibu Msaidizi wa Matarajio Madogo na ya Kati, na akikitaja cheo hicho kwenye simu, vocha ilikuwa inakwisha kabla hajafika kwenye matarajio ya kati. Lakini chini ya cheo chote hicho, mwenzangu, alikuwa kibarua wa mkataba. Kila mwaka mkataba unafufuliwa, na kila mwaka anaambiwa nomeação yake, yaani ile ajira ya kudumu ambayo serikali ikishakupa hata kifo kinakuja na adabu, iko njiani.

Hapo ndipo kitumbua chake kilipoingia mchanga, kwa sababu Jamaldine alikuwa amemposa Mastura, binti wa Mzee Mwinyimadi, muuza mabati na saruji, mtu wa asili ya Mtwara. Mzee hakuwa na neno baya na Jamaldine. Alikuwa na neno na mikataba. Binti zake wawili wakubwa aliwaoza kwa vijana wa mikataba kwenye makambi ya gesi, mikataba ikaisha, na sasa wakwe wote wawili walikuwa wamehamia sebuleni kwake na vitanda vyao, wanamuuliza kila asubuhi chai iko wapi. Kwa hiyo alisema wazi, mbele ya wajumbe wa posa: huyu wa tatu atakuja na nomeação mkononi, au asije. Harusi ilipangwa mfungo tatu. Ikifika mfungo tatu hakuna nomeação, yupo mchumba mwingine Mtwara, mwenye malori, ambaye tayari alikuwa amekwisha kumletea mzee salamu na gunia la mchele. Mastura alimtaka Jamaldine na alimwambia hivyo, lakini alimwambia pia kwamba baba yake hajawahi kubadilisha neno tangu amjue.

Basi baada tu ya Idi ukaja waraka kutoka Pemba, makao makuu ya mkoa. Ulikuwa mrefu, lakini maana yake ni hii. Kompyuta zikitaka kupeana mafaili lazima ziwe na utaratibu wa kusemeshana, na utaratibu huo ndio itifaki. Ile ya kwanza kabisa ilitungwa zamani, watu walipokuwa bado wanaaminiana. Mashine ikibishiwa hodi inafungua, haiulizi wewe nani, haiulizi umetoka wapi, inakukaribisha mpaka chumbani. Mwaka ule wahuni wa ng'ambo waliugundua mlango huo, wakapitisha kirusi kinachofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kinatoka mashine hii kinaingia ile bila hata salamu. Kwa hiyo ofisi zote ziizime itifaki ya kwanza, zibaki na zile mpya zinazojua kuuliza. Ofisi itakayomaliza kwanza itatembelewa na wakaguzi na kuonyeshwa mkoa mzima kama mfano.

Neno "mfano" lilimrudisha Palma Mkurugenzi mwenyewe, Senhor Germano. Si jambo dogo hilo. Tangu ateuliwe, Senhor Germano alikuwa kwenye semina. Alianza na semina ya kudhibiti matarajio, akaenda kwenye semina ya kutathmini semina ile, na kutoka hapo seminani hakutoka, leo Pemba, kesho Maputo, siku moja alipiga simu kutoka mahali ambapo kulikuwa kunasikika theluji. Watumishi walimjua kwa picha ya ukutani. Alipoingia getini mlinzi alimzuia kwa heshima zote, akamuuliza anatarajia nini.

Senhor Germano alimwita Jamaldine ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akamwambia kwa sauti ya baba:

"Zima hiyo itifaki kabla wakaguzi hawajafika, na nomeação yako nitaitia saini kwa mkono wangu huu."

Akauonyesha mkono. Jamaldine aliutazama ule mkono kwa mapenzi ambayo mpaka siku hiyo alikuwa amemwekea Mastura peke yake. Alitoka pale anaelea. Alimpigia simu Mastura, akamwambia aanze kuulizia bei ya mchele, kisha akaunda kamati.

Kamati ya Kuzima ilikuwa na mwenyekiti, makamu, na kamati ndogo ya viburudisho, ambayo ndiyo iliyofanya kazi zaidi. Zikachapwa fulana zenye maandishi PALMA BILA ITIFAKI YA KWANZA, wakagawiwa mpaka vijana wa pikipiki. Mmoja wao aliulizwa na abiria itifaki ni nini, akajibu kwamba haijui vizuri lakini imewatesa sana. Bango likatundikwa kwenye njia ya kuingilia mjini, na mama mmoja akaja dirishani kuandikisha kwamba yeye anatarajia, itifaki ikishaondoka, apewe kiwanja chake.

Sasa, Pemba kulikuwa na fundi wa kompyuta wa mkoa, kijana anayeitwa Inácio, naye alipiga simu kutoa ushauri. Ushauri ulikuwa mzuri, hilo hatulikatai.

"Chefe, msizime kwanza," alisema. "Washeni kumbukumbu, ziacheni mashine zenyewe ziandike nani bado anasemeshana kwa njia ya kizamani. Mkishajua, hamisheni vilivyomo. Halafu ndiyo mzime."

Jamaldine aliupeleka ushauri huo juu, na Senhor Germano akauona una kasoro moja kubwa. Haiwezekani, alisema, mashine zihojiwe kabla ya watumishi, ni kuvunja ngazi. Waanze kuhojiwa watumishi. Likachapwa dodoso la swali moja: je, wewe bado unatumia itifaki ya kizamani? Na ninyi mniambie, mwaka wa gesi, mji umejaa wageni wenye kofia ngumu, nani angeandika kwamba yeye bado yuko na mambo ya kizamani? Mhasibu aliandika Hapana huku akiwa anavuta faili kwa itifaki hiyo hiyo. Mlinzi, ambaye chombo chake pekee ni tochi, aliandika kwamba hajawahi na analaani. Dereva alikiri kwamba aliitumia ujanani lakini ameacha.

Aliyeandika Ndiyo alikuwa mmoja tu, Haula, mkuu wa masjala, mwanamke mcheshi mwenye mwili wake, anayecheka mpaka ushungi unateleza, na aliyekuwa ofisini hapo tangu siku ya kwanza. Jamaldine alimwita da Haula na kumheshimu kama dada, maana Ramadhani ile mama yake alipougua ni Haula aliyekuwa anamletea uji wa kufuturia. Lakini kamati ni kamati. Dodoso lake lilirudishwa, na maelekezo kwamba ajibu upya kwa moyo wa maendeleo.

Haula alimwambia, "Jama, mimi Ndiyo yangu si ya kwangu, ni ya Bibi. Bibi hajui njia nyingine."

Bibi ilikuwa kompyuta moja kubwa, nzito, ya kale, iliyoachwa na mradi fulani wa barabara, ikawekwa chini ya meza ya Haula na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Ndani yake kulikuwa na folda moja inayoitwa Ya Wote, na ofisi nzima ilikuwa inaishi humo. Vyeti vilikuwa humo, mikataba humo, likizo humo, pamoja na kadi za harusi, picha za maulidi, na bei za nazi za Mtwara. Hata mashine ya kunakilia ilikuwa inatupia nakala zake humo. Na humo pia, ikiwa picha ndogo ya kubandika chini ya karatasi yoyote, ilikuwamo saini ya Mkurugenzi. Hiyo ndiyo iliyomwezesha Senhor Germano kubaki seminani bila wananchi kukosa huduma.

Jamaldine hakulifikiria hilo, na tumwelewe. Kwake saini ilikuwa kitu kinachotokea chenyewe chini ya cheti. Alimwahidi Haula kwamba Bibi atastaafishwa kwa heshima. Haula akacheka, akaandika Hapana.

Ikawa shwari, madodoso yote Hapana, na kwa kuwa imethibitika hakuna anayeitumia itifaki, ikazimwa. Senhor Germano alibonyeza kitufe mwenyewe mbele ya wazee wa mji na sahani za sambusa. Kuhusu Bibi, ambaye hakuweza kufundishwa njia mpya, Mkurugenzi aliagiza afungwe kwa lakiri na kupelekwa Pemba kama ushahidi wa tulikotoka. Lori lililokuwapo siku hiyo lilikuwa la samaki wakavu. Bibi alipakiwa juu ya magunia, amefunikwa turubai, na watumishi walimpungia mikono. Mhasibu alitoa machozi, akasema ni vumbi.

Asubuhi iliyofuata mtu wa kwanza dirishani alikuja kutarajia mabomba ya maji. Jamaldine alimchapia cheti, cheti kikatoka, muhuri upo, na pale chini penye saini peupe pe. Akachapa kingine. Peupe. Mashine ya kunakilia nayo ikawa inaandika kwamba haioni pa kupeleka, basi, ikaganda hapo. Mhasibu alikuwa chumbani kwake anafungua na kufunga kompyuta kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Foleni ikafika barabarani. Jamaldine akatoka nje na kuwatangazia wananchi kwamba hicho ni kipindi cha mpito, na kwamba wasitarajie chochote mpaka hapo watakapojulishwa.

Senhor Germano hakutishika hata kidogo. Alisema saini si ya mashine, saini ni ya mtu, na mtu yupo. Leteni kalamu. Akaketi, akakunja mikono ya shati, akaanza kusaini, na Jamaldine akahakikisha karatasi ya kwanza kabisa juu ya rundo ni nomeação yake. Ilikuwa saini ya kutisha, duara kubwa, mishale miwili, na mkwaruzo mrefu uliotoka nje ya karatasi na kuendelea mezani. Jamaldine aliishika karatasi ile kwa mikono miwili, akapanda pikipiki, akaenda nayo moja kwa moja dukani kwa Mzee Mwinyimadi.

Mzee aliipokea shikamoo yake, akaisoma karatasi, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza nyuma. Akasema ni nzuri. Ikishakwenda Pemba ikarudi na muhuri wa mkoa, waje wapange siku. Nyuma ya pazia Mastura alipiga kigelegele kidogo, akakimeza kwa heshima ya baba yake.

Pemba karatasi zilikwenda, na Pemba karatasi zilirudi. Zote, vyeti na malipo na nomeação, zilikuwa zimepigwa muhuri mmoja mwekundu: Saini hailingani na ya Mkurugenzi.

Senhor Germano alicheka. Akasaini upya, kwa uangalifu zaidi. Lakini huyu alikuwa mtu aliyekaa miaka bila kusaini chochote, mkono ulikuwa umesahau, kila ukirudi unaleta jambo jipya. Rundo la pili lilirudi limeandikwa kwamba saini hailingani na ya Mkurugenzi wala na ya juzi. Akaamuru Bibi arudishwe haraka. Pemba wakajibu kwamba hakuna tatizo, kifaa kiko ghalani salama, kitatolewa mara moja kwa barua yenye saini ya Mkurugenzi, ikilingana.

Mfungo tatu ulikuwa umeshaanza kunusa mlangoni. Jamaldine alikuwa hali wala halali, akimwona Mzee Mwinyimadi kwa mbali anakata kichochoro. Akaenda masjala, akaketi, akamwuliza Haula polepole: da Haula, ile saini ya kwenye Bibi, Mkurugenzi aliitia lini?

Haula alicheka sana safari hii, mpaka akavua ushungi akaufunga upya. Hakuwahi kuitia, alisema. Wiki aliyoteuliwa, mkoa ulitaka sampuli ya saini yake haraka, naye tayari alikuwa uwanja wa ndege. Haula akampigia simu, na bosi akamjibu, tia chochote, nitakuja kurekebisha. Haula akatia. Na kwa kuwa yeye jioni huwa anapaka hina maharusi, mkono ulijiendea wenyewe: kikonyo, majani matatu, na mkia unaozunguka kama ule unaopanda kidole cha bibi harusi. Mkoa ukaipokea, ukaisifu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye si mtu wa kujipeleka mbele za watu. Jamaldine aliichukua karatasi ya zamani akaitazama upya, na kweli, Mkurugenzi wa Matarajio alikuwa amekaa miaka yote hiyo akisaini kwa nusu ya mkono wa bibi harusi.

Hakujua acheke au alie, akaomba maji.

Wakaguzi walifika wakati huo huo. Walikuja kuitazama ofisi ya mfano, na kwa kuwa petroli ilikuwa hiyo moja, wakaja pia na kesi ya saini. Aliyewaongoza alikuwa Dona Margarida, mwanamke mkavu, mwenye miwani ya kamba, ambaye hakuna mtu mkoani aliyewahi kumwona akinywa chai ya ofisi anayoikagua. Aliwakusanya watumishi wote ukumbini chini ya bango. Akaipongeza kurugenzi kwa kuzima itifaki. Kisha akaweka mezani karatasi mbili. Kushoto ilikuwa nomeação ya Jamaldine, na lile duara na mishale. Kulia ulikuwa mkataba wake wa zamani, na kile kikonyo na majani. Akaeleza kwamba kati ya saini hizi mbili moja ni ya kughushi, na aliyeghushi ataondoka naye kwenye gari.

Haula hakucheka. Alikuwa ameshika ncha za kanga yake, anazikunja na kuzikunjua. Jamaldine alimwona.

"Wewe ndiye wa dirishani," Dona Margarida alimwambia Jamaldine. "Saini ya Mkurugenzi unaijua?"

"Naijua, dona. Ndiyo kazi yangu kuitoa."

"Nionyeshe ni ipi."

Jamani, pimeni wenyewe. Akionyesha kushoto, nomeação inasimama, mchele unanunuliwa, Mastura ni wake, na Haula anapanda gari. Senhor Germano alikuwa anamtazama na kuitikia kwa kichwa polepole kumtia moyo. Akionyesha kulia, nomeação ni karatasi ya kufungia karanga, na bwana wa malori anaanza kupiga pasi kanzu. Jamaldine alimpenda Mastura kiasi kwamba kidole kilishaanza kuelekea kushoto. Lakini alimwangalia Haula, akaukumbuka uji, akaona aibu. Na zaidi ya aibu, kwa kuwa alikuwa mtumishi mwenye mafunzo, aliliona na jambo la kiutawala: mkataba wake, kitambulisho chake, kila mshahara aliowahi kula, vyote vilikuwa na saini ya majani. Kama majani ni ya uongo, yeye hajawahi kufanya kazi hapa hata asubuhi moja.

Akaweka kidole kulia.

"Hii, dona. Ya miaka yote ni hii. Ile nyingine imeanza juzi, na mwenyewe simjui vizuri."

Senhor Germano alisimama, akarekebisha tai, akasema kwa utulivu kwamba kuna kutoelewana kidogo, yeye ndiye Germano, na Dona Margarida anamfahamu, walikaa meza moja kwenye semina ya Pemba. Dona Margarida akakubali kwamba semina anaikumbuka. Akafungua begi lake, akatoa karatasi ya mahudhurio ya semina hiyo, akalitafuta jina la Germano, akaitazama saini iliyokuwa mbele yake, ambayo haikuwa duara wala haikuwa majani. Inajulikana kwamba katika semina wale wanaotoka mapema husainiwa na wenzao.

"Nayo hailingani," alisema. "Sasa hii ya majani, ni mkono wa nani?"

Haula alisimama. Hakungoja kuulizwa mara mbili. Akaenda mezani, akachukua kalamu, na bila kuiinua akachora kikonyo, majani na mkia, akachora tena pembeni, na tena. Zilikuwa sawasawa. Kisha akauweka mkono mezani, kana kwamba anausalimisha wenyewe.

Dona Margarida alivua miwani. Mtu aliyekuwa karibu naye aliona midomo yake ikihesabu. Vyeti vyote vya matarajio vya wilaya vilikuwa na saini hiyo. Leseni, mikataba na malipo pia. Uthibitisho wa kwamba Mkurugenzi yuko kazini, ule unaotumwa kila mwezi ili Mkurugenzi alipwe, ulikuwa na saini hiyo. Hata kibali cha safari hii ya ukaguzi, na posho yake yeye Dona Margarida, vilitokana na barua ya mwaliko yenye majani matatu na mkia. Kama saini hii ni ya kughushi, kila kitu kirudi mwanzo. Ingebidi gesi yenyewe irudishwe chini ya bahari, igunduliwe upya.

Akavaa miwani akatoa uamuzi, na mwandishi wake akauandika. Kwamba saini ya Mkurugenzi ni halali na haina doa. Kwamba mwenye mkono unaoitoa saini hiyo ndiye Kaimu Mkurugenzi kwa shughuli zote zinazohitaji saini, ambazo ndizo shughuli zote. Na kwamba raia anayejiita Germano anasimamishwa kwa kosa la kughushi saini ya Germano, mpaka atakapoleta cheti cha kurugenzi hii, kilichosainiwa ipasavyo, kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Ukumbi ulilipuka. Mhasibu alimkumbatia mlinzi. Haula alikaa chini akalia kwanza, na ndipo kicheko kikamjia, kikawaambukiza mpaka madereva wa msafara nje wasiojua kinachochekwa. Alipotulia aliomba aletewe nomeação mpya ya Jamaldine, akaisaini kwa kalamu ya wino mweusi, majani yakiwa yamenenepa kidogo kwa furaha. Jamaldine akayaacha yote ya kiofisi, akambusu mkono kama anavyombusu mama yake sikukuu.

Pemba iliirudisha na muhuri wa mkoa: Inalingana. Mzee Mwinyimadi aliigeuza nyuma, akaiinua kwenye mwanga, akaitafuta kasoro kwa nia njema kabisa, akaikosa. Mfungo tatu haujaisha Mastura aliolewa, na wakwe wawili wa sebuleni ndio waliokula sana.

Siku ya kwanza Jamaldine aliporudi dirishani, mtu mnene mwenye tai alikuwa ameketi kwenye benchi la wananchi, ameijaza fomu yake vizuri. Jamaldine alimwamkia shikamoo kwa sababu ni mtu mzima. Akamwomba asaini pale chini, akailinganisha na sampuli, akaipeleka ndani kwa Kaimu Mkurugenzi, akarudi nayo. Akamweleza kwa upole kwamba majani yamekaribia, ila mkia bado unakatika, na kwamba Kaimu Mkurugenzi anamsalimu na anamshauri ajizoeze, arudi kesho.

Akarudi kesho. Akarudi kesho kutwa. Sasa anawahi kabla mlinzi hajafungua geti, ana kalamu zake na daftari la mistari, anaketi pale pale anachora mpaka ofisi inafungwa, na Haula akipita huinama akamwonyesha namna ya kulegeza kidole. Tunathibitisha, kwa saini na muhuri, kwamba tangu ateuliwe Senhor Germano hajawahi kuhudhuria kazini kama anavyohudhuria sasa.